Kengele Wawili na Mtu wa Glavu Nyeupe

Sipendi mtu aniambie kwamba filamu za mashujaa wanaoruka ni mambo ya watoto. Mjukuu wangu akisema hivyo nitamvumilia. Mtu mzima akisema hivyo naomba njia naondoka, maana tukiendelea tutavunjiana heshima. Nimeshika kipaza sauti zaidi ya miaka kumi kwenye banda la video la mabati pale Mkolani, Mwanza, nikitafsiri mikanda ya Kiingereza papo kwa papo. Ninyi vijana mnaotaka kazi hii nisikilizeni vizuri. Nimetafsiri vita, nimetafsiri mapenzi, nimetafsiri makarate ambayo mpaka leo sijui wenyewe walikuwa wanasema nini. Hakuna aliyenitoa jasho kama yule shujaa wa kwenye vitabu vya picha na adui yake.

Ngoja kwanza niwaeleze banda lilivyokuwa, maana ninyi mmezaliwa mmekuta picha ziko kwenye simu. Ilikuwa ile miaka ya tisini, enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Vitu tulivyokuwa tunavisikia kwa mabaharia tu vikaanza kupangwa madukani mjini: redio kubwa, televisheni za rangi, deki za video. Tajiri wetu, Bwana Kulwa, alikuwa na duka la vipuri. Akanunua deki moja, televisheni moja na jenereta, akapiga mabenchi, akaning'iniza pazia jeusi mlangoni. Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni na kipaza sauti, sauti ya wazungu nimeipunguza, yangu ndiyo inasikika mpaka barabarani. Wateja walikuwa wauza samaki, makuli, mafundi, mama wa mgahawa na kila mtu aliyekuwa na Jumapili yake.

Elimu yangu ni darasa la saba. Kiingereza nilikipata nilipokuwa nafagia ofisi ya wazungu wa mradi wa maji, na nakiri mbele yenu kwamba nilielewa nusu. Nusu nyingine niliijaza mwenyewe. Msicheke! Mtafsiri asiyejaza hajazaliwa. Shida si kujaza, shida ni unajaza nini.

Ya koo niyaseme sasa nisije nikasahau. Usinywe soda baridi kabla ya kazi, kunywa maji ya uvuguvugu. Kipaza sauti kiweke pembeni ya mdomo, si mbele, la sivyo kila "p" itawapiga watu kofi. Na usimpe adui sauti ya kukwaruza, maana koo lako litakufa kabla yake na filamu bado ina saa nzima. Adui wa kweli anaongea polepole. Hilo nililijua baadaye sana, nikiwa nimeshaharibu.

Majina ya kizungu hayafiki benchi la nyuma, kwa hiyo mtafsiri huwabatiza watu wake. Yule shujaa alikuwa na joho refu na kengele imechorwa kifuani, na akigonganisha ngumi zake mlio wake unabomoa ukuta. Nikambatiza Kengele. Adui yake alivaa glavu nyeupe mwanzo mpaka mwisho, hata akila. Huyo nikamwita Glavu.

Mkanda wa kwanza wa Kengele ulikuwa raha tupu. Rangi kama vitenge vya dukani, jua linawaka, muziki wa tarumbeta. Glavu alitaka kuiba maji ya mji mzima kwa bomba moja, mwisho akatumbukia kwenye tangi lake mwenyewe. Mimi ni Msukuma, na Wahaya ni watani zangu kwa maneno ya kila siku, basi nikampa Glavu lafudhi ya Mhaya anayejisifu. "Mimi, ndugu zangu, siibi kama ninyi," nilimsemea. "Mimi nimesomea! Nina digrii ya kuiba, tena nimeibia kwa Kiingereza!" Banda lilikufa kwa kicheko. Wahaya waliokuwamo ndio walicheka zaidi, na mmoja akaninunulia chapati. Watu walitembea kutoka Buswelu kuja kumsikia Glavu. Tuliucheza mkanda ule mpaka ukachakaa, picha ikawa na chenga kama mvua.

Ndipo Bwana Kulwa akapata habari kwamba umetoka mwingine. Kengele yuleyule, Glavu yuleyule. Akaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: GLAVU AMERUDI, JUMAPILI, NJOO NA MBAVU ZA AKIBA. Mkanda ukafika na mfanyabiashara Jumapili hiyohiyo mchana, watu wameshakaa. Kanuni ya kazi ni kuutazama mkanda kabla ya kuutafsiri. Mimi nilikuwa nimelewa sifa. Nikasema, "Glavu namjua kuliko mama yake," nikauchomeka kwenye deki. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Jamani, dakika tano tu nikajua nimeingia kwenye nyumba ya mtu mwingine. Giza. Mvua. Muziki unanung'unika chini kwa chini. Kengele amekonda, macho yamemwingia ndani, haongei. Na Glavu hana bomba wala tangi. Anatembea tu kwenye nyumba iliyoungua. Mwongozaji alikuwa amebadilika, yaani yule anayeamua kamera imtazame nani na kwa muda gani. Lakini ubao wa nje ulikuwa umeahidi mbavu, na benchi lilikuwa linanitazama. Nikaendelea na Mhaya wangu wa digrii. Kila Glavu alipofungua mdomo, nikajisifu. Watu wakacheka, ila kicheko kilikuwa kinachelewa kidogo.

Tukafika mahali Glavu anapiga magoti kwenye matope. Anavua zile glavu, na mikono yake ina makovu ya moto. Anafukua ardhi kwa vidole. Nikasema, "Jamani, mtaalamu amepoteza funguo! Nani ameona funguo za profesa?"

Watu wakacheka. Katikati ya kicheko akasimama Mzee Masalu. Alikuwa fundi baiskeli, mtu wa upande wa Sengerema, amehamia kwetu miezi michache baada ya kufiwa na binti yake wa miaka saba. Tulichokuwa tunajua ni kwamba mtoto alifia Busisi, wakisubiri kivuko wamlete hospitali Mwanza. Mengine hakuyasema, na hakuna aliyemuuliza.

"Mabula," akaniita, wala hakupaza sauti. "Huyo mtu anazika. Humwoni anazika?"

Nikatazama. Kweli, pembeni yake kulikuwa na jeneza dogo, jeupe. Lilikuwa pale muda wote. Mzee Masalu akafungua pazia akatoka. Wengine wakamfuata, wakiinama kama watu wanaotoka kanisani kabla ya baraka. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Bwana Kulwa alinikuta nazungusha mkanda. "Jumapili ijayo unaurudia huuhuu," akasema. "Nimeulipia. Tia utani mara mbili, watu wacheke, wasahau. Wakitoka tena, kipaza sauti nampa Dismasi." Dismasi alikuwa mkata tiketi wetu, na alikuwa ameshaanza kuigiza sauti yangu mlangoni.

Sasa hapo, vijana, ndipo mtu anapoamua yeye ni nani. Kazi ile ndiyo ilikuwa inalisha watoto wangu wanne. Lakini nikaapa moyoni: nitausema mkanda huu kama ulivyo, nikifukuzwa nifukuzwe nikiwa nimesema kweli.

Kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa nusu, nikaenda Buswelu kwa Mwalimu Koku, mama wa Kihaya aliyefundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kahawa za kutafuna. Nikamweleza yote, hata habari ya lafudhi. Nilitegemea anifukuze.

"Kumpa mwizi sauti ya kwetu hakuniudhi," akasema. "Tunajisifu, kweli. Tuna sababu." Akatafuna kahawa yake. "Wewe mtani msibani umeshamwona?"

"Nimemwona, mwalimu. Anachekesha hata wafiwa."

"Anaanza na nini?"

Nikafikiri. "Anaanza kufika."

"Anafika, anashika jembe, anachimba kaburi na wenzake mpaka mgongo unauma. Halafu ndiyo anapata ruhusa ya kuchekesha. Wewe umechekesha hujagusa jembe. Ndiyo maana yule mzee amekuacha akatoka."

Akaingia ndani akarudi na vitabu viwili vya picha, vimechakaa, alivyoachiwa na mwalimu mwenzake mgeni huko Kagera. Vyote viwili vya Kengele. Kwenye kimoja ana kifua kama mlango wa ghala na anacheka. Kwenye kingine amekaa juu ya paa amejikunyata. "Ni yuleyule?" nikauliza. "Yuleyule," akasema. "Mchoraji ndiye mwingine. Bibi yako mzaa mama na bibi mzaa baba, sungura wa hadithi zao alikuwa mmoja?" Hapana, hakuwa mmoja. Kwa mama sungura alikuwa mjanja wa kusifiwa, kwa baba alikuwa mwizi aliyestahili kuchapwa. Nimeishi na sungura wawili maisha yangu yote na sikuwahi kuona ajabu, ila wazungu nikadhani wana Kengele mmoja tu!

Wiki ile Mwalimu Koku alikuja bandani kila asubuhi na mwavuli wake na daftari. Siku ya kwanza alizima sauti kabisa. Tukatazama filamu bubu, na kila mara ananiuliza, "Kamera inamsubiri nani?" Nikaona kumbe kwenye mkanda wa kwanza kamera ilikuwa inamkimbiza Glavu, haimpi nafasi ya kupumua, ndiyo maana tulicheka. Kwenye huu inamsubiri. Akishamaliza kusema, kamera inabaki usoni mwake. "Mwenye filamu anaposubiri," mwalimu akasema, "anamhurumia. Na wewe subiri." Siku ya pili alifunika televisheni kwa kanga yake, tukasikiliza sauti tupu. Nilijifunza zaidi chini ya ile kanga kuliko miaka yote ya nyuma. Glavu haongei kwa majivuno hata mara moja. Anaongea kama mtu aliyechoka kueleza.

Na habari yenyewe ilikuwa hii. Nyumba ya Glavu ilishika moto usiku wa dhoruba, mtoto wake yumo. Glavu akamwita Kengele. Kengele alikuwa upande mwingine wa mji anaokoa watu kwenye daraja, akafika nyumba imeshaanguka. Glavu aliungua mikono akifukua vifusi. Baada ya hapo akaapa kuuharibu mji uliookolewa mtoto wake akiwa anaungua. Adui ni yuleyule, na mwisho anapigwa vilevile, maana stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Ila mwongozaji huyu alitaka tumjue kabla hajapigwa.

Jumamosi nikaenda kwa Mzee Masalu pale anapotengenezea baiskeli, jirani na kituo cha mafuta. Nikachuchumaa. Nikamwambia nimekosa, na kesho naurudia mkanda kwa haki. Hakuinua macho. Alikuwa ananyoosha gurudumu, analizungusha, anasikiliza. "Nina kazi," akasema. Nikaaga.

Jumapili banda lilijaa kupita kiasi. Umbeya nao ni tangazo. Bwana Kulwa alisimama mlangoni amekunja mikono, Dismasi nyuma yake. Mwalimu Koku alikaa benchi la tatu. Nikaanza taratibu. Nikatafsiri maneno machache, mengine nikayaacha muziki uyaseme. Dakika kumi hazijafika, sauti ikatoka nyuma: "Mabula, leo umekula nini? Tuchekeshe bwana!" Mwingine akapiga mluzi. Bwana Kulwa akanionyesha kwa kidole: utani. Nikamtazama Glavu, si benchi. Pazia likafunguka, Mzee Masalu akaingia, akakaa ukingoni karibu na mlango. Hapo nikajua sina pa kurudi nyuma.

Tukafika kwenye matope. Nikasema hivi tu: "Anamzika mwanawe. Jina lake hajalitaja. Anachimba kwa mikono, jembe hana." Nikanyamaza. Kwa mtafsiri kunyamaza ni kama dereva kuachia usukani. Kamera ikasubiri, na mimi nikasubiri.

Mama mmoja muuza dagaa, benchi la kati, akasema, "Pole, baba."

Alikuwa anamwambia Glavu! Adui! Na mwingine akasema pole, na mwingine, mpaka wale wa mluzi. Banda zima linampa pole mzungu wa kwenye kioo. Nikashindwa sentensi mbili zilizofuata, na hakuna aliyelalamika.

Baadaye kuna mahali Glavu anajipikia uji peke yake, unafurika, anahangaika na mwiko. Nikamtazama Mwalimu Koku, akaitikia kwa kichwa: sasa. Nikasema kwa ile lafudhi, polepole, "Digrii zote hizi, na uji umenishinda." Watu wakacheka huku wanafuta macho. Kicheko kile kilikuwa na uzito wake, sijapata kukisikia tena. Mwisho Kengele akashinda kama kawaida, na kwa mara ya kwanza pale Mkolani hakuna aliyempigia stelingi makofi.

Bwana Kulwa akaja kwenye kigoda changu, akakuna shingo. "Jumapili uweke huuhuu," akasema, akaenda zake. Kipaza sauti kikabaki changu.

Tangu hapo nimetafsiri Kengele wa kila aina. Kuna mwongozaji aliyemfanya mzee mwenye mgongo mbovu. Kuna aliyemgeuza jeuri anayependa kupigwa picha, hadi nikatamani Glavu ashinde. Kuna aliyemfanya Glavu mwanamke, vijana wakapiga kelele eti wametapeliwa. Nikawaambia kaeni, mwacheni aeleze wizi wake. Msiingie kwenye mkanda na Kengele wenu mfukoni. Muulizeni mwenye mkanda huu anamwonaje.

Lakini sijamaliza ya siku ile.

Watu walipotoka, Mzee Masalu alibaki. Mwalimu Koku akataka kumsalimia, akaghairi, akachukua mwavuli wake akatoka.

"Rudisha," mzee akasema.

"Pale kaburini?"

"Kabla ya hapo. Pale huyu wa kengele anapokuja."

Nikarudisha. Ni kipande kifupi. Kengele anaruka kwenye dhoruba, joho linachanika, anaanguka juu ya paa. Anainuka, anajaribu kuruka, anashindwa, anaanza kukimbia kwa miguu. Wiki nzima mimi na mwalimu tulimchunguza Glavu. Kipande hiki tulikipita. Nilikuwa nimekitafsiri kwa maneno mawili: Kengele anachelewa.

"Tena," akasema. Nikarudisha tena. Alitazama akiwa ameinamia mbele, viwiko magotini.

"Mnyororo ulinikatikia njiani," akasema, macho kwenye kioo. "Mimi fundi. Natengeneza za watu kila siku, yangu nasema kesho. Nikamweka mtoto mgongoni nikakimbia. Nafika Busisi, kivuko ndiyo kwanza kimeondoka, kiko katikati ya maji. Nikakiona kile pale. Mtoto hakungoja kirudi."

Nilikuwa nimedhani analia pamoja na Glavu. Kumbe Jumapili zote mbili alikuwa anamtazama mwingine. Nikausimamisha mkanda, picha ikabaki inatetemeka, Kengele na mguu mmoja hewani.

"Wewe unajua kizungu," akasema. "Niambie. Huyu alikimbia kweli, au alijifanya?"

"Alikimbia, mzee," nikamwambia. "Alikimbia mpaka nguvu zikamwisha."

Akainuka, akavaa kofia, akasimama kwenye pazia kidogo.

"Basi Jumapili ijayo uliseme hilo," akaniambia. "Leo umesema amechelewa tu."